Dawa Inayokaa Mfupani

Tunduma,
9 Juni 2013

Dada yangu Sekela,

Shikamoo, dada. Pokea salamu za huku mpakani, kwenye vumbi na foleni ya malori. Kabla ya yote nataka kujua hali yako: unalalaje, unaamkaje, na kama baridi ya Juni imeshaanza kuwabana huko Ileje. Shemeji Yesaya namsalimu sana, pamoja na wote wa hapo nyumbani. Mimi naendelea vizuri kiasi cha kuweza kushika kalamu, na kwa mtu mwenye vidole kama vyangu hiyo ni habari njema ya kutosha.

Najua kwenu barua husomwa kwa sauti baada ya chakula cha jioni, na msomaji ni shemeji. Hii naomba uisome peke yako kwanza, ukiwa umekaa kwenye kiti chenye egemeo. Nimeandika herufi kubwa ili miwani yako isisumbuke. Nimeandika kwa mkono wangu, kwa siku nne, kwa sababu vidole vinakubali nusu ukurasa kisha vinagoma. Mtu wa kunichapia yupo, lakini haya siyo maneno ya kupita kwa mtu. Wala siyo ya simu, maana simu yenu inashikwa na kila mwenye mkono.

Jambo lenyewe ni hili. Mifupa yangu imekuwa dhaifu. Mmoja umeshavunjika bila mimi kuanguka. Kufikia tarehe ishirini mwezi huu natakiwa niwe nimeamua ni dawa gani itumike ili mingine isiufuate, na kila dawa niliyoonyeshwa ina ubaya wake. Lipo na jambo la pili, linalokuhusu wewe moja kwa moja, nalo ni la aibu yangu. Nitalifikia. Mara mbili nimejaribu kuanza nalo nikachana karatasi, kwa sababu usipolielewa hili la kwanza hutaona uzito wa lile la pili.

Unakumbuka nilivyogombana na watu kuhusu wanawake kupiga magoti. Nimeandika magazetini mara tatu. Nimewahi kumwuliza mchungaji mbele ya waumini wake ni mstari gani unaoagiza goti la mwanamke liwe na udongo na la mwanaume libaki safi. Basi, Februari tulikwenda Hasamba kumzika mke wa Mzee Osea, baba mdogo wa marehemu mume wangu. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, vifungo vya koti lake vimepishana, kwa kuwa aliyekuwa akimfungia koti ndiye tuliyekuja kumzika. Hoja zote zikaniishia. Nilipiga magoti, nikamshika mikono yote miwili. Wakati wa kuinuka nikasikia kitu mgongoni, mlio mdogo, kama kijiti kikavu kimekatika ndani ya nguo. Nikakaa chini palepale. Wanawake walidhani ni huzuni, wakanizunguka, wakanipepea na kanga na kuniambia nilie tu, nisijizuie.

Nilirudi Tunduma nikiwa nimelazwa kiti cha nyuma cha gari. Jirani yangu Marita, yule Mnamwanga anayeuza mchele wa Kamsamba, ndiye aliyenivua viatu, na kila alipoingia kunipa uji alikuwa na neno. Siku moja alisimama mlangoni na bakuli, akanitazama, akasema, "Mwalimu, miaka ishirini unakataza magoti. Umepiga mara moja tu, Mungu akakujibu papo hapo." Nilicheka, na kucheka kukaniumiza kuliko kuvunjika.

Nilivumilia wiki sita. Unanijua, napenda kuwapeleka wengine kwenye haki zao huku mimi nikijisahau. Watu walikuja nyumbani wakiwa na shida zao za kawaida, huyu amenyang'anywa mzigo forodhani, yule kiwanja chake kimepimwa mara mbili, nami niliandika malalamiko yao nikiwa nimelala chali, karatasi juu ya ubao. Mwanzoni mwa Aprili Marita aliniambia kuwa nisipokubali anipeleke hospitali, atakuja kuwaambia watu kwamba Mwalimu Nesta ameogopa sindano. Tukaenda Mbeya.

Daktari aliyenipokea anaitwa Anyitike. Ni kijana, hafikii miaka thelathini na mitano, na anaongea kwa sauti ya chini mpaka unalazimika kunyamaza ili umsikie. Nilimwendea kama ninavyowaendea maofisa wote, na faili. Alilipokea, akaliweka pembeni kwa heshima, akaomba vidole vyangu. Alivibonyeza kimoja kimoja. Halafu akanipeleka kupigwa eksirei ya mgongo.

Dada, mimi ni mtu wa vitabu. Nimesoma kuhusu mapinduzi ya nchi ambazo sitaziona, nimesoma katiba yetu mpaka kurasa zikaachana na gundi. Lakini sikuwahi kujitazama kwa ndani. Alipoichomeka ile picha kwenye kioo chenye taa, nilijiona mimi, pingili juu ya pingili, nyeupe kwenye giza, na katikati pingili moja imebonyea upande wa mbele kama andazi lililokaliwa. Akaniambia niangalie na zile nzima. Mfupa mzuri, alisema, unapaswa kung'aa kuliko hivi. Yangu ilikuwa na rangi ya moshi.

Nilidhani mfupa ni kama nguzo ya nyumba. Unasimikwa ukiwa mtoto, unazeeka nao, unazikwa nao. Daktari akaniambia siyo hivyo. Mfupa uko hai. Una damu na una mafundi wake, na mafundi hao ni wa aina mbili. Wapo wanaobomoa na wapo wanaojenga. Usiku na mchana hawa wa kwanza wanatafuna sehemu iliyochoka, na hawa wa pili wanakuja nyuma yao kujaza upya. Kwa mtu mzima, alisema, katika muda wa miaka kumi hivi sehemu kubwa ya mifupa yake inakuwa imeshajengwa upya. Nilimwomba arudie. Nilihesabu. Maana yake mifupa niliyoolewa nayo siyo hii. Mgongo uliombeba mwanangu umeshabomolewa na kujengwa mara mbili na zaidi, na hakuna aliyenipa taarifa. Miaka yote niliyokuwa nikipiga kelele kwenye mikutano ya mji, kazi hii ilikuwa ikiendelea ndani yangu kimya kimya, bila kikao na bila mjumbe.

Ugonjwa wetu, huu wa mama na wa bibi, hauletwi na baridi hata kama tunauita baridi yabisi. Ni askari wa mwili wenyewe waliokosea adui na kuvamia viungo. Na wanapovamia, wanawachochea wale wabomoaji wazidishe kazi, huku wajenzi wakipunguziwa nguvu. Kwa hiyo mtu mwenye viungo vya kuvimba kama sisi anapungua mifupa hata kama anakula vizuri. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ndiyo nitakayoifikia.

Kwa viungo ameniwekea kidonge cha kila Jumatano, kimoja cha kuwatuliza hao askari. Ni dawa kali. Inanywewa mara moja kwa wiki tu, na aliyeinywa kila siku kwa kukosea anaweza kufa. Uvimbe umeanza kupungua. Kwa mifupa, alisema tuzungumze, kwa sababu hapo hataki kuniamulia. Nilimwuliza kama kuna kipimo cha kujua mifupa imebaki kiasi gani. Akasema mashine ya kupima uzito wa mifupa ipo Dar es Salaam, lakini mtu ambaye pingili yake imevunjika kwa kupiga magoti hahitaji mashine kumwambia kitu.

Sasa nisikilize kwa makini, na ukihitaji rudi nyuma usome tena.

Dawa ya kwanza ni kidonge cha mara moja kwa wiki. Kinapatikana bila shida kubwa. Kinanywewa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, siyo chai wala maziwa. Ukishakimeza unakaa wima au unasimama nusu saa nzima, na hulali wala huinami, kwa sababu kikirudi au kikikwama njiani kinaunguza koo na njia ya chakula. Kwa mwenye tumbo zuri ni dawa nzuri. Mimi tumbo langu lina vidonda, zawadi ya miaka ya vidonge vya maumivu, na kila asubuhi kiungulia kinaniamsha kabla ya jogoo. Tena asubuhi mwili wangu ni gogo mpaka saa tatu. Halafu kuna la Jumatano. Daktari alisema anaogopa kumpa mtu vidonge viwili vya wiki vinavyofanana umbo. Siku moja kichwa kimechoka, mtu anavichanganya.

Dawa ya pili ni dripu. Inaingia mshipani kwa muda wa robo saa hivi, mara moja tu kwa mwaka. Tumbo halihusiki kabisa. Lakini kabla yake lazima figo zipimwe, mwili uwe na vitamini D na madini ya chokaa ya kutosha, na meno yaangaliwe. Jino bovu ling'olewe mapema na kidonda kipone. Ukishawekewa, siku mbili tatu unaweza kupata homa na kuumwa mwili mzima kama malaria, kisha inaisha.

Dawa ya tatu ni sindano ya chini ya ngozi kila baada ya miezi sita. Hii haikai mfupani. Ukichelewa au ukiacha, mifupa inarudi nyuma, na kwa haraka. Inatakiwa kuagizwa mbali na kutunzwa kwenye friji muda wote. Daktari alipotaja friji, mimi na Marita tulitazamana, maana juzi tu umeme wetu ulikatika siku mbili. Hiyo tukaiacha mezani.

Na ya nne ni kutofanya kitu: kula dagaa na maziwa, kuota jua, kutembea, na kuomba Mungu. Hayo yote alisema niyafanye. Ila kwa mtu ambaye pingili moja imeshakwenda, hayatoshi. Wazungu wamehesabu kwamba katika watu watano wa namna hiyo wasiopewa dawa, mmoja huvunjika pingili nyingine ndani ya mwaka. Nilimwuliza huku kwetu ni wangapi. Akasema hakuna aliyehesabu, na alisema hivyo kwa uchungu ulionifanya nimheshimu.

Nilirudi nyumbani kujiandaa na vita. Nilikwenda kwenye duka la intaneti pale karibu na stendi, nikakaa saa nne, nikachapisha kurasa kumi na nne. Zote zilihusu ubaya wa ile dripu. Kuna watu taya lao lilikufa baada ya kung'olewa jino, mfupa ukabaki wazi mdomoni. Kuna watu ambao baada ya miaka mingi ya dawa, mfupa wa paja ulipasuka wakiwa wanatembea tu. Nilipigia mistari kwa wino mwekundu. Mei nilirudi Mbeya, nikamwekea daktari mezani, nikamwambia sisi watu wa mpakani tumechoka kuwa jalala la dawa za wengine, na nikaongeza mengine ambayo sitayaandika.

Alisoma kurasa zote kumi na nne mbele yangu. Alichukua muda. Alipomaliza alisema yote niliyopigia mstari ni ya kweli. Halafu akasema, "Mwalimu, umeniletea ubaya wa dawa. Ubaya wa mfupa wako umeuacha nyumbani."

Kisha akaanza kuweka namba, upande huu na upande huu. Taya kufa, kwa watu wanaopewa kiasi kama changu, ni mmoja au wachache kati ya elfu kumi, na ndiyo maana meno hutazamwa kwanza. Paja kupasuka kunatokea zaidi baada ya miaka mingi mfululizo, na ndiyo maana baada ya miaka mitatu hukaa na mgonjwa kuamua kama apumzishwe. Akaniambia kuwa hataki niamini kwa sababu yeye ni daktari. Alitaka niendelee kupigia mistari, ila kwa kurasa za pande zote mbili.

Nikamwuliza dawa hiyo inafanyaje kazi. Akanieleza, dada, nami nakueleza. Inaingia kwenye damu, inapita kila mahali bila kujali, mpaka ifike kwenye mfupa, na hapo inanata. Inanata hasa pale ambapo mbomoaji anataka kutafuna. Anapotafuna anaimeza pamoja na mfupa, anaishiwa nguvu, anaacha. Mjenzi anapata nafasi ya kupumua. Na iliyobaki inafunikwa na mfupa mpya na kukaa humo kwa miaka. Nilimwuliza miaka mingapi. Akasema nyingine inaweza kubaki maisha yote. Nikawaza kwamba robo saa ya kukaa kwenye kiti itakuwa ndani yangu hata siku mtakayonifukia. Nimewahi kuapa mbele ya mahakama, nimewahi kuvaa pete ya ndoa. Sikuwahi kuogopa na kustaajabu kwa pamoja namna ile.

Nimechagua dripu. Jino la nyuma limeshang'olewa, fizi imepona, figo zimepimwa na ni nzima. Ninameza madini ya chokaa na vitamini kila siku, na kila siku asubuhi Marita ananitoa nje niote jua, akinigeuza upande huu na ule kama samaki. Tarehe ishirini ndiyo siku yangu.

Sasa lile la pili.

Mara ya kwanza kabisa, Aprili, daktari aliniuliza natumia nini kwa maumivu. Nikamjibu Panadol na diklofenaki. Alitazama mashavu yangu, akatazama ngozi ya mikono yangu ilivyo nyembamba na yenye madoa ya damu, akauliza tena swali lilelile kwa sauti ileile. Nikajibu vilevile. Akauliza mara ya tatu. Ndipo nikamwambia.

Dada, unajua nilivyowapigania watu dhidi ya wauza dawa. Tangu milango ya nchi ilipofunguliwa kila kitu kinauzwa Tunduma, mpaka mashavu. Wasichana wananunua vidonge vidogo vyeupe kwenye karatasi ili wanenepe wapendeze, na mtu akivimba uso majirani wanampongeza kwamba maisha yamemkubali. Mwaka 2009 niliandika malalamiko ya kurasa sita kuhusu vidonge hivyo, nikakusanya sahihi mia mbili na kumi, nikasimama mbele ya madiwani nikauliza ni nani atakayewajibika. Nilipigiwa makofi. Na siku ile niliposimama, nilisimama kwa nguvu ya vidonge hivyohivyo. Nilikuwa ninavinunua tangu 2006 kwa Mzambia mmoja wa ng'ambo, Ba Justine, mlango wa nyuma. Dawa hizo jina lake ni prednisoloni. Zinapunguza uvimbe kwa haraka ya ajabu, zinajaza mashavu, na zikitumika miaka bila daktari zinawalaza wale wajenzi wa mifupa huku wabomoaji wakiendelea. Mashavu yangu waliyoyasifu kanisani yamelipwa na mgongo wangu.

Hizo ndizo nilizokuwa nikikutumia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Nilikuambia ni vitamini ya viungo. Nilianza mwaka 2010, ulipokuwa hushiki hata kikombe na shemeji akikulisha. Baada ya siku tano ulinipigia simu, ukasema, "Nesta, nimeinuka." Sauti hiyo sitaisahau. Wakati huo sikujua yote, na kama ningekuwa nimeishia hapo ningekuandikia barua nyingine, ya kuomba msamaha kwa kutojua. Lakini Agosti 2011 Ba Justine aliniuzia boksi zima badala ya vidonge vya kuhesabu, na ndani mlikuwa na karatasi ya maelezo. Nikaisoma, maana mimi siwezi kuona karatasi nisisome. Iliandikwa wazi kwamba dawa ikitumika muda mrefu mifupa hupungua nguvu. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaichana, nikajaza kopo, nikampa dereva akuletee. Kila boksi lililofuata nilitoa karatasi yake kabla ya kulituma. Mimi, ninayewafokea maofisa kwa kuwaficha watu nyaraka.

Nimejiuliza kwa nini. Nilikuwa na maumivu na niliogopa kurudi kitandani, hiyo ni kweli. Lakini wewe ulikuwa umeanza kuniita daktari wako. Wewe uliyenilea, uliyeacha shule darasa la sita ili mimi niendelee, ulikuwa unamwambia kila mtu huko kwamba Nesta ndiye aliyekuinua. Nilipenda kusikia hivyo kuliko nilivyopenda ukweli. Sina hoja nyingine.

Mwezi uliopita daktari aliniuliza kama nguo zangu zimeanza kurefuka. Nilidhani anatania. Akaeleza kwamba pingili zikibonyea moja moja, mtu hufupika bila kujua, na wa kwanza kugundua huwa ni upindo wa gauni. Nguo zangu hazijarefuka. Nikakumbuka Pasaka, wewe ukilaumu fundi wa Itumba kwamba amekuibia kipimo, gauni linaburuta mpaka unalikanyaga mlangoni, na mimi nikacheka pamoja nawe na kumsema yule mwanamke. Fundi hakukosea, dada. Na maumivu yako ya kiuno, yale unayosema ni ya palizi, naogopa kuwa siyo ya palizi.

Nilimwambia daktari habari zako zote. Hakunigombeza. Alichukua kalamu akaandika maagizo, nami nakunakilia kama alivyosema. Usiache vidonge ghafla. Mwili wako umesahau kujitengenezea dawa ya namna hiyo wenyewe, na ukiukatia mara moja unaweza kuanguka na kufa. Endelea na kipimo kilekile, asubuhi baada ya kula, usiongeze na usiruke, mpaka akuone; atavipunguza polepole kwa miezi. Usibebe ndoo wala kuni. Usiiname kwa kiuno. Ukitaka kitu cha chini, mwambie mtu. Mwambie shemeji Yesaya akufanyie, na umwambie kwa nini. Kama atataka kunijia juu, namba yangu anayo.

Sasa utaelewa kwa nini nimekueleza dawa zote nne kwa urefu. Sikuwa najieleza mimi. Nawe utaulizwa. Dripu niliyoichagua huenda siyo yako. Wewe huna vidonda vya tumbo, unaamka alfajiri na kukaa wima ukisali kabla hujagusa chai, na pengine kidonge cha wiki kitakufaa kuliko mimi, ukipangiwa siku yake isichanganywe na nyingine. Pengine figo zitasema jambo lingine. Maisha yangu yote nimewashawishi watu. Hili sikushawishi. Nimekupa karatasi yote safari hii, haijachanwa mahali.

Kalisti, mwenye gari la Itumba, ameahidi kukuwekea kiti cha mbele Jumanne tarehe kumi na nane, na kuendesha taratibu kwenye yale makorongo mpaka njia panda ya Mpemba. Usikubali kupanda nyuma hata kama amejaza. Utalala kwangu, na tarehe ishirini tutakwenda Mbeya pamoja. Kwa daktari nimeandikisha majina mawili. La kwanza ni lako.

Daktari amenionya kwamba kimo kilichopotea hakirudi. Lakini anasema wale wajenzi hawajafa. Wamelala tu, na hata kwenye umri wetu huu wanaweza kuamka wakaendelea na kazi pale walipoachia. Nimekuwa nikikaa nje juani nikiyawaza hayo, yako na yangu, na nashindwa kuyamaliza.

Nisalimie shemeji, nisalimie na wanawake wa kwaya wote. Yule fundi mwombe radhi kwa niaba yangu pia. Ukiamua kutokuja, niandikie hata mstari mmoja wa matusi. Nitaupokea, na dawa daktari atatafuta njia ya kukufikishia huko. Ukija, nitakuwa Mpemba barabarani tangu asubuhi. Sitafungua mdomo mpaka wewe uwe umeshasema yako yote. Marita anasema sitaweza. Nimeanza kujizoeza.

Ni mimi mdogo wako,
Nesta